Nina HGL na naipenda historia: je, sosholojia ni shahada ya kukaa nyumbani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL, nikapata B ya Historia, C ya Jiografia na C ya Kiingereza. Baba anataka nisome sheria. Mama anasema ualimu ndiyo kazi ya uhakika. Mimi moyo wangu uko kwenye sosholojia, au akiolojia na historia, kwa sababu tangu utotoni napenda kuwauliza wazee habari za zamani. Wajomba zangu wanasema sosholojia ni shahada ya kukaa nyumbani. Je, ni kweli? Na nikikosa nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nisubiri mwaka mwingine?" (Binti wa Kilwa Masoko)

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa matokeo. Tuanze na pointi. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) humtaka mwombaji anayetoka kidato cha sita awe na masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha kuanzia E kwenda juu, yenye jumla isiyopungua pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wewe katika masomo mawili bora una pointi 7, kwa hiyo suala la sifa za chini limekwisha, na kilichobaki ni ushindani pamoja na masharti ya kila programu. Masharti hayo yamo katika mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, na ninakusihi usisome jina la programu peke yake bali pia masomo yanayotajwa kando yake. Kila mwaka hukutana na vijana wa HGL walioomba uchumi au takwimu bila kutazama kwamba programu hizo hudai hisabati, wakapoteza awamu nzima ya maombi kwa jambo ambalo wangeligundua kwa kusoma mstari mmoja.

Sasa nije kwa wajomba zako, ambao wana sehemu ya ukweli. Wapo wahitimu wa sosholojia waliokaa nyumbani miaka mingi, kama walivyopo wa sheria, wa ualimu na hata wa biashara. Kosa lao ni kuichukua shahada kama kitu kimoja chenye thamani moja kila mahali, ilhali thamani yake hupimwa kwa vipimo viwili tofauti kabisa, kimoja kikiwa cha serikali na kingine cha waajiri wengine wote.

Serikalini jina la shahada lina uzito mkubwa kuliko vijana wengi wanavyodhani. Kila kada ina muundo wake wa utumishi, na muundo huo hutaja fani zinazokubalika. Chukua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira linalohusu Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, usome kipengele cha sifa za mwombaji: utakuta fani kama maendeleo ya jamii, sosholojia, masomo ya maendeleo, na jinsia na maendeleo. Aliyesoma kimojawapo anaingia kwenye mchujo. Ambaye shahada yake haimo, hata awe amepata GPA (wastani wa alama zake za chuo) ya juu namna gani na amefanya kazi za kijamii tangu sekondari, hachukuliwi. Ndiyo maana huwa nawaonya vijana dhidi ya programu zenye majina marefu mapya ambayo chuo kimeyabuni kwa ajili ya kuvutia waombaji. Huenda masomo yake ni mazuri sana, lakini yule anayepanga majalada ya waombaji analinganisha maandishi na maandishi, naye si kazi yake kukisia kwamba programu ile kwa hakika ni sosholojia yenye nguo nyingine. Kabla hujaomba, tumia siku moja kwenye mtandao wa ajira za serikali, ufungue matangazo kumi ya kada unazozitamani, uandike kwenye daftari fani zinazojirudia. Kwa kipimo hiki sosholojia ina nafasi nzuri, kwa kuwa ni jina la zamani, linajulikana, na hutajwa katika kada zaidi ya moja.

Nje ya serikali mambo hugeuka. Shirika linalotafiti lishe, kampuni inayofanya tathmini ya mradi, taasisi zinazofanya utafiti kama REPOA au Twaweza, au mtafiti kutoka nje aliyepata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na sasa anatafuta wasaidizi, hawa kwanza watakuuliza unaweza kufanya nini. Je, unaweza kutunga dodoso lisilompotosha mhojiwa? Unaweza kukaa na mzee saa mbili, ukarudi na maelezo yaliyonyooka? Unaweza kuchukua majibu ya kaya mia nne, ukayaingiza kwenye programu za kuchambua takwimu kama SPSS au STATA, kisha ukaandika kurasa tano ambazo mkurugenzi atazielewa? Mambo haya yote hufundishwa katika shahada ya sosholojia, na hapo ndipo wahitimu wanapotengana wakiwa bado darasani.

Nikuonyeshe kwa karibu, maana watu wengi hudhani sosholojia ni kuzungumza juu ya jamii. Mwanafunzi anayeanza kozi ya mbinu za utafiti akiambiwa atunge swali la kupima hali ya maisha, karibu kila mara huandika: "Je, kipato cha kaya yako kinakutosheleza?" Swali hilo halipimi chochote. Mwenye mashua mbili atajibu hapana, na asiye na hata ndoano atajibu hapana. Mwalimu humrudisha akaandike upya, naye anakuja na jambo linaloweza kukumbukwa na kuhesabiwa: katika siku saba zilizopita kaya hii ilikula samaki siku ngapi, na samaki hao walivuliwa na mtu wa humu ndani au walinunuliwa? Limekuwa bora zaidi, lakini sasa limezaa tatizo jingine, kwani ni nani wa humu ndani? Kijana aliyekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, huko Mafia miezi miwili iliyopita, anayetuma fedha kila wiki lakini halali hapa wala hali hapa, ni mwanakaya au si mwanakaya? Ukimhesabu, kaya inaonekana ina watu sita na kipato cha kuridhisha. Usipomhesabu, ina watu watano na fedha inayotoka kusikojulikana. Watu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulazimika kuamua jambo kama hili kabla ya kila utafiti na kabla ya kila sensa, na uamuzi huo hubadilisha namba ambazo baadaye waziri atazisoma bungeni. Mwanafunzi aliyetokwa jasho na swali la namna hii kwa muhula mzima ana ujuzi wa kuuza. Aliyepita kozi hiyohiyo kwa desa, yaani madondoo, za wenzake waliotangulia, akakariri maana ya sampuli na aina zake nne ili ajibu mtihani, huyo ndiye wajomba zako waliyemwona amekaa barazani, na hawakukosea kumwona.

Kozi inayokimbiwa kuliko zote ni takwimu. Vijana wa HGL huja chuoni wakiamini wameziacha namba kidato cha nne, kisha wanakutana nazo tena katika jengo la sayansi za jamii. Ushauri wangu hapa hauna masharti: usiikimbie. Huhitaji kuwa mwanahisabati. Unahitaji kuelewa kwa nini wastani hudanganya pale mtu mmoja tajiri anapoingia kwenye hesabu, kwa nini kuhoji watu waliopatikana sokoni si sawa na kuhoji kijiji, na jinsi ya kusoma jedwali bila kuogopa. Ukiwa na hayo pamoja na Kiingereza chako cha C ulichokinoa kikawa bora, utakuwa umewazidi wengi wa rika lako wenye shahada ileile.

Kuhusu akiolojia na historia, wewe una sababu ambayo waombaji wengi hawana, kwa kuwa unatoka Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Milima ya Matumbi, ambako Vita vya Majimaji vilianzia mwaka 1905, imo katika wilaya yako hiyohiyo. Na tabia yako ya kuwauliza wazee, ambayo umeitaja kana kwamba ni mchezo wa utotoni, ndiyo iliyowahi kuwa kazi rasmi ya idara ya historia ya Dar es Salaam: mwaka 1968 wanafunzi wake walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vile au waliosimuliwa na waliopigana, na masimulizi waliyoyakusanya yakawa nguzo ya yale tunayoyajua leo kutoka upande wa wenyeji. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya habari za Majimaji ilikuwa katika maandishi ya Wajerumani. Vijana wa shahada ya kwanza ndio waliotembea na madaftari. Husema hivi kila ninapomsikia mtu akidai kwamba shahada za fani za binadamu hazizalishi kitu.

Pamoja na hayo, sitakuficha upande wa ajira. Nafasi za wanaakiolojia ni chache: Makumbusho ya Taifa, idara inayoshughulikia mambo ya kale, vyuo vikuu, na mamlaka zilizokabidhiwa kusimamia vituo. Huko kwenu, kwa mfano, magofu yako chini ya TAWA, ambayo kwa asili yake ni mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo waajiriwa wake wengi hawatoki kwenye akiolojia. Ipo njia nyingine ambayo vijana hawaisikii sana, nayo ni ya kandarasi. Miradi mikubwa ya ujenzi hulazimika kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani ya tathmini hiyo huwamo urithi wa kitamaduni: makaburi, matambiko, mabaki ya makazi ya kale. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lilipimwa kwa namna hiyo katika njia yake. Kazi za aina hii huja kwa msimu, hulipa vizuri zinapokuja, na humtaka mtu mwenye shahada ya pili au aliye chini ya uangalizi wa mwenye nayo. Ukichagua njia hii, panga tangu sasa kwamba safari yako haitaishia kwenye miaka mitatu.

Kuna jambo moja la kiutendaji ambalo litamgusa mama yako. Sosholojia si somo linalofundishwa katika sekondari zetu. Historia ni somo. Mwenye shahada ya historia akitaka ualimu baadaye anaweza kusoma stashahada ya uzamili katika elimu na kuingia darasani, kwa sababu chuo kitakuta kwenye nakala ya matokeo yake somo la kufundishia. Mwenye sosholojia tupu akipeleka maombi hayohayo atapata shida. Kwa hiyo, ukienda sosholojia, tumia nafasi za kozi za hiari kuchukua historia kadiri utaratibu wa chuo unavyoruhusu, ukijua kwamba hata hivyo haitakuwa sawa na kuwa na historia kama somo kuu.

Ualimu wenyewe siudharau, nami nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, lakini uhakika anaousema mama ulikuwa wa wakati mwingine. Walimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi, serikali huwapa kipaumbele wa sayansi na hisabati, na siku hizi mwombaji wa ualimu naye hupita kwenye usaili kama waombaji wa kada nyingine. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na litahitaji watu wanaoijua historia na wanaoweza kuieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Hilo ni jambo jema kwa wenye moyo wa darasa. Wewe katika barua yako hukuandika hata neno moja juu ya kufundisha, na hilo nalo lina maana.

Kwa baba nitasema kwa heshima na kwa ufupi. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Baada yake kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambayo matokeo yake ya mwaka 2022 yalizua mjadala nchi nzima pale wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu bila kurudia, hadi serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Anayeipenda sheria hatishwi na habari hiyo wala hapaswi kutishwa. Anayeisoma ili kumridhisha mzazi atachoka kabla ya kufika huko, na gharama itakuwa ya mzazi yuleyule.

Uamuzi wangu basi, kwa matokeo uliyonayo na kwa uliyoyaandika: weka sosholojia chaguo la kwanza, akiolojia na historia la pili, na shahada ya sanaa pamoja na elimu la tatu. Ningebadilisha mpangilio huo, nikaiweka historia mbele, kwa sharti moja tu, kwamba familia yenu iko tayari kukusomesha hadi shahada ya pili au wewe mwenyewe uko tayari kufanya kazi ya muda huku ukijisomesha. Ikiwa utahitaji kusimama kwa miguu yako mara tu baada ya miaka mitatu, sosholojia ina njia nyingi zaidi.

Ukishaingia, jua namna utakavyopimwa. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza zikiwemo zile unazosoma peke yako. GPA hutolewa kati ya 0 na 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu huanzia 3.5, la pili la chini 2.7. Anayefikiria kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi atakuta matangazo yakidai 3.8. Wengi huiharibu GPA yao mwaka wa kwanza, wakati bado wanashangaa ukubwa wa chuo, wakizipuuza kozi za lazima kwa wote kama masomo ya maendeleo na stadi za mawasiliano kwa kudhani si za fani yao. Krediti ni krediti, na hesabu ya mwisho haiulizi kozi ilikuwa ya idara gani.

Mkopo uombe mapema, na ujaze fomu ya Bodi ya Mikopo kwa uangalifu, hasa sehemu ya taarifa za wazazi na viambatanisho, kwa kuwa jina lililoandikwa tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne huwachelewesha wengi. Uelewe pia kwamba ni deni, na kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi liishe.

Swali lako la mwisho ndilo jepesi kulijibu: usisubiri. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwa chuo anachokitaka, na hakuna kinachokuzuia kuomba zaidi ya kimoja katika awamu ya kwanza. Omba Dar es Salaam na Dodoma kwa wakati mmoja, kwani Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kinafundisha sosholojia na kina nafasi nyingi. Kama kazi na jamii ndiyo inayokuvuta kuliko utafiti, tazama pia Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha, ambazo shahada zake zinakwenda moja kwa moja kwenye kada za serikali kama ile niliyoitaja. Ukichaguliwa na vyuo viwili utatumiwa namba ya kuthibitisha, na utathibitisha kimoja tu kabla muda haujafungwa; anayekaa kimya akisubiri chuo cha tatu hupoteza vyote. Dodoma wakikujibu na Dar es Salaam wakikukataa, thibitisha Dodoma siku hiyohiyo.